StreetComplete: miezi nane ya kujibu maswali ya mtaani kwetu Kigogo

Nianze na kilichonifanya niandike, maana kazini kuna watu kama wanne wameshaniona nasimama njiani nabonyeza simu wakaniuliza ni gemu gani hiyo. Sio gemu, ingawa ukiiangalia kwa mbali inafanana. Ni aplikesheni inaitwa StreetComplete, ya Android, bure kabisa, haina tangazo hata moja, na kazi yake ni kukuuliza maswali ya pale uliposimama halafu majibu yako yanaingia kwenye ramani ya OpenStreetMap. Mimi nimeitumia miezi nane sasa. Nikishuka mwendokasi Magomeni Mapipa natembea kwa mguu kwenda nyumbani Kigogo, hapa Dar, na njiani najibu. Katika hiyo miezi nane nimeanza pia kuchungulia jikoni kwake, yaani huko GitHub, tovuti ambako inatengenezwa hadharani kila mtu akiona, kwahiyo nitasema yote mawili, inavyotumika na inavyotunzwa, kwa sababu programu huria, yaani ile ambayo maandishi yaliyoiunda yako wazi kwa kila mtu, huwezi kuitenganisha na mikono inayoipika.

Ukiifungua unaona ramani ya ulipo na vialama vimetapakaa juu yake. Kila kialama ni kitu ambacho ramani haikijui. Unagusa, swali linakuja: barabara hii imewekwa nini juu? Zinatokea picha, lami, zege, pevingi, changarawe, udongo, mchanga, unachagua ile inayofanana na unayoikanyaga, basi imeisha, unaenda kialama kingine. Kituo hiki cha daladala kina kibanda? Kina benchi? Njia hii usiku ina taa? Hili duka linafungua saa ngapi? Huhitaji kujua chochote kuhusu uchoraji ramani, unachohitaji ni macho na akaunti ya OpenStreetMap, ambayo kuifungua ni dakika chache na haina malipo.

Kwa wasioijua OpenStreetMap, ni ramani ya dunia iliyoanza 2004 kule Uingereza ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuihariri na mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia. Organic Maps na OsmAnd, zile ramani zinazofanya kazi bila bando, zinachota huko. Na Dar ina historia nayo kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Tandale ilichorwa 2011, halafu 2015 ikaja Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wakazi wa mitaa yenyewe wakapita kata kwa kata wakiweka nyumba, vichochoro, mitaro, kwa ajili ya mambo ya mafuriko. 2018 mkutano wa dunia wa watu wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika hapa hapa kwenye ukumbi wa Julius Nyerere. Ndo maana ukiifungua ramani ya uswahilini kwetu unakuta nyumba zimejaa mpaka unashangaa. Ila nyumba kuwepo haimaanishi ramani imekamilika. Barabara iliyochorwa mwaka ule ikiwa vumbi leo inaweza kuwa na lami na taa, na ramani haina habari. Hapo ndo StreetComplete inapoingia, na nimeipenda kwa hilo: hata jibu likishawekwa, miaka ikipita inarudi kuuliza tena, bado iko hivi? Kwa mji unaobadilika kama huu wetu hiyo ni akili kubwa sana.

Bando. Najua ndo swali la kwanza la mtu yeyote hapa. Nikiwa na WiFi ya kazini napakua eneo lote la kuanzia Mapipa, Mzimuni mpaka Kigogo, nazima data, natembea. Majibu yanakaa kwenye simu, na kwenye mipangilio nimeiambia ipandishe yenyewe ikiona WiFi tu. Inafanya hivyo bila kusumbua. Betri ndo inakula, sio kwa kosa lake, ni GPS pamoja na skrini kuwaka muda wote, kwahiyo kama simu yako imezeeka beba pawabenki. Na jingine ambalo mtu wa Dar hahitaji kuambiwa mara mbili, usisimame ukingoni mwa barabara kubwa umeshika simu mkononi. Mimi naangalia swali, naweka simu mfukoni, natazama, nasogea ndani kidogo karibu na duka lenye watu, ndo najibu.

Sasa niwaambie kisa kimoja kwa kirefu, maana ndo kilinifundisha hii kitu ni nini hasa.

Kuna njia moja inashuka kuelekea bonde la Msimbazi, pale pembeni kuna mama anapika vitumbua jioni. Siku ya tatu napita pale, aplikesheni inaniuliza jina la njia ile, mimi natafuta kibao, mama akaniita. Nikamsogelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nakuona siku ya tatu hii unapita, unasimama, unaangalia nyumba za watu, unabonyeza simu. Mnakuja kutuwekea X?"

Aliuliza kwa sauti ya chini na mkono wake ulikuwa umesimama juu ya kile kikaango, hageuzi. Mtu ambaye hajakaa bondeni hawezi kuelewa uzito wa hilo swali. Nyumba za bonde la Msimbazi zilichorwa X nyekundu zikabomolewa mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, watu wanakumbuka kama jana, kwahiyo kijana akipita na simu anapima pima nyumba, moyo unashtuka. Nikachuchumaa, nikamuonyesha skrini. Nikamwambia mama mimi naishi juu pale, hii ni ramani ya watu wote, hainiulizi nyumba ya nani wala ina hati au haina, inaniuliza tu hii njia inaitwaje, ili hata gari la wagonjwa likiitwa dereva ajue pa kuingilia. Akaangalia ramani muda mrefu. Akaiona nyumba yake, akaijua kwa ile kona. "Hii choo ya nje mbona haipo?" Nikacheka, naye akacheka, akageuza vitumbua.

Halafu akaniambia nguzo yenye jina iko kule mwanzo wa njia, wameiweka wakati wa anwani za makazi 2022, ila hilo jina la kwenye nguzo hakuna anayelitumia, wenyeji wanaita jina lingine, la mzee mmoja aliyekuwa na kisima pale zamani, na ukimwambia bodaboda jina la nguzo anaweza akakuzungusha nusu saa. Nikafuata utaratibu: kwenye jibu niliweka jina lililoandikwa kwenye nguzo, kwa sababu kanuni ya OpenStreetMap ni kuandika kinachoonekana pale kwa macho, halafu kupitia kitufe cha majibu mengine nikaacha ujumbe kwenye ramani kwamba wenyeji wanaiita hivi. Nafasi ya kuacha ujumbe na picha ipo kwenye kila swali na ni kati ya vitu bora kabisa ilivyonavyo, maana mambo yetu mengi hayaingii kwenye ndiyo na hapana. Toka siku hiyo, kabla sijaanza njia yoyote mpya, nasalimia kwanza, naonyesha simu, naeleza. Nawaomba na wengine mfanye hivyo.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo nilikosea mimi mwenyewe, na ndo iliyonipeleka mpaka GitHub. Swali mojawapo linalotokea sana ni jengo lina levo ngapi. Mimi simu yangu iko kwa Kingereza, nilikuwa nalisoma naligeuza kichwani kwa Kiswahili, "ghorofa ngapi", najibu. Nyumba ya ghorofa moja, naandika moja. Wiki tatu hivyo. Siku moja nimetulia nikatazama vizuri ile picha inayokuja na swali, nikaona wanahesabu na ile ya chini. Yaani nyumba ambayo sisi tunaiita ghorofa moja, chini na juu, wao wanahesabu mbili. Na nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, kwetu hata hatuhesabu, kwao ni moja. Kwahiyo kila ghorofa niliyoipita nilikuwa nimeipunguza. Zile za siku hiyo nilizirudisha nyuma kwa kitufe cha kufuta jibu, kipo wazi tu pale, zile za zamani nikaingia kwenye kompyuta nikazifuata moja moja kwenye tovuti ya OpenStreetMap nikazirekebisha. Ilinichukua Jumapili nzima. Aplikesheni haikuwa na kosa, picha iliweka kila kitu wazi. Ila nikajiuliza, mtu atakayekuja kutafsiri hili swali kwa Kiswahili akiandika "jengo lina ghorofa ngapi" bila kufikiri, makosa kama yangu yatafanywa na kila Mswahili atakayeitumia, na data ya mji mzima itakuwa imepinda. Swali sahihi ni "jengo lina sakafu ngapi, ukihesabu na ya chini?" Ni neno moja tu, na ni kazi ambayo hakuna programa wa Ulaya anayeweza kuifanya, hata awe bingwa vipi. Inamtaka mtu wa hapa.

Ndo nikaanza kufuatilia inatengenezwaje. Aliyeianzisha ni Mjerumani anaitwa Tobias Zwick, ilitoka 2017, imeandikwa kwa Kotlin, ambayo ni lugha ya kuandikia programu, na leseni yake ni GPL toleo la 3, maana yake chanzo chote, yale maandishi yaliyoiunda, kiko wazi, unaruhusiwa kukichukua, kukibadilisha na kukisambaza ilimradi na wewe uache wazi hivyo hivyo. Tafsiri zinafanyika kwenye POEditor, tovuti ya kutafsiri programu, unajiunga, unachagua lugha, unaandika, huhitaji kujua programu hata mstari mmoja. Mimi na rafiki yangu mmoja anayefundisha Kiswahili sekondari tumefungua daftari, tunaandika maneno kabla ya kukimbilia kuyaingiza, maana ukishaanza unagundua ugumu. Ule ukingo wa zege wa barabara tunauitaje ili fundi wa Mbagala na mwalimu wa Mbezi wote waelewe? Barabara ya moramu iliyoshindiliwa unaitofautishaje na ya udongo tu kwa maneno mawili? Kivuko cha waenda kwa miguu, sawa, wote tunasema zebra. Tumebishana jioni nzima kuhusu neno la mtaro uliofunikwa, na sijawahi kuona Kiswahili kikinoga hivyo.

Kitu cha pili nilichokikuta kule ndani, na hiki watu hawakijui, ni kwamba kuna mafaili madogo ya maandishi ya nchi moja moja yanayoiambia aplikesheni mambo ya nchi hiyo: magari yanapita upande gani wa barabara, lugha rasmi ni zipi, michezo gani ni maarufu ili ile ya kwanza kuonyeshwa kwenye uwanja iwe inayochezwa kweli. Ni maandishi ya kawaida, mtu anayeweza kujaza fomu anaweza kuyasoma na kuona kosa. Kama unatafuta pa kuanzia kuchangia programu huria na unaogopa msitu wa Kotlin, anzia hapo. Ukitaka kujenga programu nzima kwenye laptopu yako, jipange, Android Studio, ile programu ya kutengenezea aplikesheni za Android, na vyote inavyovuta ni giga nyingi, mimi nilitumia bando la usiku siku mbili, na laptopu yangu ya RAM giga nne haikuweza, nikaazima ya kazini.

Nilikuwa pia na wazo langu la swali jipya. Nilitaka aplikesheni iulize kama mtaro umeziba, kwa sababu kwetu mvua za masika zikianza hilo ndo swali la uhai. Kabla ya kuandika ishu, yaani ombi au ripoti kule GitHub, nikasoma mwongozo wao wa maswali mapya, nimeusoma mara mbili, na nawaambia ule mwongozo ni kati ya maandishi bora ya aina hiyo niliyowahi kuyasoma. Swali lazima mtu wa kawaida aweze kulijibu akiwa pale pale, lisiwe na utata, na jibu liwe la kitu kinachodumu. Mtaro kuziba leo wanauzibua kesho, keshokutwa umejaa chupa tena. Ramani ingekuwa inadanganya kila wiki. Kwahiyo wazo langu halipiti, na nilikubali bila kinyongo, maana sababu niliielewa. Lakini mtaro upo au haupo, umefunikwa au uko wazi, hayo yanadumu, na yanaweza kuwekwa kwenye OpenStreetMap kwa njia nyingine. Mwongozo ulinifundisha kutofautisha taarifa na malalamiko, na zote mbili tunazihitaji ila sehemu tofauti.

Ukikaa kule GitHub wiki chache ukisoma tu, unaanza kuona kazi ya mtunzaji ni nini. Sisi tunaona kitufe. Yeye anaona mtu kaandika "haifanyi kazi" bila kusema simu gani, toleo gani la Android, alibonyeza nini kabla, inabidi aanze kumuuliza moja moja. Kila mwaka Google inasogeza masharti ya Play Store, aplikesheni lazima ilenge Android mpya, kwahiyo hata usipoongeza kitu bado kuna kazi ya kukimbia ili ubaki pale pale. Mtu anatuma mchango wake mzuri, ila kuupitia mstari kwa mstari kunaweza kuchukua muda kuliko ulivyochukua kuandikwa, na ukishaupokea, mwenye nao anaweza kuondoka, kuutunza kunabaki kwako. Na yote hayo kwa ajili ya watu wasiolipa chochote. Nilipoliona hilo nikabadilisha namna ninavyoripoti tatizo. Sasa naandika hatua moja mbili tatu, jina la simu, toleo, picha ya skrini, na kwanza natafuta kama kuna mtu ameshalisema. Dakika kumi zangu zinamwokoa mtu saa nzima.

Kuchangia pesa inawezekana kupitia GitHub Sponsors, Liberapay au Patreon. Kwa sisi inahitaji kadi, ila zile kadi za mtandaoni unazotengeneza kwenye simu kutoka kwenye salio la pesa za simu siku hizi zipo, ni kujaribu. Mimi natoa kidogo kila mwezi, bei ya chipsi mayai, na natoa kwa moyo.

Mapungufu yake niyaseme wazi. Ni ya Android tu, kuna kazi inaendelea ya kuileta iPhone ila ukiwa nayo leo jaribu Every Door, nayo ni huria na inafanya kazi pande zote mbili. Haikuruhusu kuchora barabara mpya au jengo jipya, na kwa Dar hilo linauma, maana ukienda Chanika au Kivule nyumba zinaota kila mwezi, inabidi uache ujumbe ramani ichorwe na mtu mwenye zana nyingine kama Vespucci kwenye simu au JOSM kwenye kompyuta. Naelewa kwa nini wamefanya hivyo, wanataka mtu asiyejua asiharibu, ila natamani. Maswali mengine yanaonekana wazi yalifikiriwa na mtu wa Ulaya, unaulizwa mambo ya vibao vya kugusa vya wasioona kwenye kivuko ambacho hata rangi ya zebra imeshafutika. Unajibu hapana, unaendelea. Ingawa nikifikiria, hiyo "hapana" ikijirudia mji mzima nayo ni taarifa, kuna siku mtu atazihesabu.

Zile nyota inazokupa kila ukijibu sikuzijali mwanzoni, ila inakuonyesha pia uko nafasi ya ngapi nchini, na nilipoona namba yangu inashuka kuelekea juu nilifurahi kwa kweli, nikajikuta Jumamosi nimepitia njia ya mbali ya Mburahati kwa makusudi.

Nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu nitaitoa siku mama wa vitumbua ataweza kuifungua kwa Kiswahili akalisoma swali mwenyewe bila mimi kumgeuzia. Ipo Play Store, na ipo F-Droid, duka la programu huria, kwa wanaotaka iliyojengwa moja kwa moja kutoka kwenye chanzo. Jioni jana nilipita pale kwake, jina la njia limeshatokea kwenye Organic Maps baada ya kuapudeti ramani, nikamuonyesha. Akasema sawa, lakini la mzee wa kisima lini? Nikamwambia ujumbe upo, nitaufuatilia mwenyewe wiki hii.